Nilipungua kilo nne kwa kapsuli za mitishamba, kisha zikarudi zote. Je, vidonge hivi vinasaidia kweli?

Swali: Shikamoo mfamasia. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, uzito kilo 89, urefu sentimita 162. Nina presha, natumia dawa tangu mwaka jana. Nilinunua mtandaoni kapsuli za kupunguza uzito zilizoandikwa "mitishamba asilia 100%". Ndani ya wiki tatu nilipungua kilo 4. Hamu ya kula iliisha kabisa, ila mdomo ulikauka, usingizi ukapotea, na moyo ukawa unadunda hata nikiwa nimelala. Nikaacha, uzito ukarudi wote. Rafiki yangu yeye anakunywa chai ya kusafisha tumbo, anasema amepungua kilo 2 kwa siku tatu. Naomba kujua, hivi vidonge na virutubisho vinasaidia kweli au tunapigwa? Na kama kuna kinachosaidia, ni kipi? Nimebakiza nusu kopo, mdogo wangu wa miaka 19 ananiomba nimpe.

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na hilo kopo kwa sababu haliwezi kusubiri. Usimpe mdogo wako hata kapsuli moja, na wewe usizirudie. Lipeleke kama lilivyo, na lebo yake, kwa mfamasia au kwa mamlaka inayosimamia dawa nchini mwenu, ueleze yaliyokupata. Taarifa za watumiaji kama wewe ni mojawapo ya njia zinazofanya bidhaa ipimwe na kuondolewa sokoni. Pia kapime presha wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa sababu. Hamu ya kula kukatika ghafla, mdomo kukauka, usingizi kupotea, moyo kudunda: dalili hizo nne zikikutana kwa mtu anayemeza kapsuli za "mitishamba" za kupunguza uzito, jina la kwanza linalonijia ni sibutramini. Maabara ndiyo itakayothibitisha, lakini mimi ningeanzia hapo. Sibutramini si mmea. Ni dawa ya kiwandani iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kutibu unene, na kwa miaka zaidi ya kumi iliuzwa kwa cheti cha daktari. Hufanya kazi kwenye ubongo, mtu akajisikia ameshiba mapema, na wakati huohuo hupandisha presha na kuongeza mapigo ya moyo. Ulaya na Marekani ziliiondoa sokoni mwaka 2010, baada ya utafiti wa SCOUT uliofuatilia watu karibu 10,000, wengi wao wakiwa na maradhi ya moyo au kisukari. Kati ya waliomeza sibutramini, 11.4% walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au tukio jingine kubwa la moyo. Kwa waliopewa kidonge kitupu, yaani kinachofanana nayo lakini hakina dawa, ilikuwa 10%. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila dawa yenyewe ilikuwa inapunguza kilo chache tu, na kwa faida hiyo hatari ile haikubaliki. Tena wewe una presha tayari.

Dawa iliondolewa madukani lakini haikutoweka. Unga wake bado unapatikana, na wajanja huujaza kwenye kapsuli zenye picha ya jani kwenye kopo. Mwaka 2018 jarida la JAMA Network Open lilichapisha uchambuzi wa virutubisho 776 ambavyo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilivikuta na dawa zilizofichwa kati ya mwaka 2007 na 2016. Zaidi ya 40% vilikuwa vya kupunguza uzito, na katika hivyo vya uzito takriban 85% vilikuwa na sibutramini. Vingine vilikuwa na fenoftalini, dawa ya zamani ya kulainisha choo iliyoachwa kwa hofu ya saratani. Na hiyo ni nchi yenye maabara na wakaguzi wa kutosha.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza liko hivi. Virutubisho vya kupunguza uzito vilivyo safi, vyenye kile tu kilichoandikwa kwenye lebo, karibu vyote havipunguzi kitu cha maana. Na kile kinachopunguza kwa kasi, kinachomfanya mtu asahau kabisa kula, mara nyingi ndani yake mna dawa ambayo lebo haikuitaja. Watu huogopa kununua kopo lisilofanya kazi. Mimi naogopa zaidi lile ambalo mtu anakuja kulisifia kwamba wiki ya kwanza tu ameona mabadiliko. Hapo amenunua mbuzi kwenye gunia: hajui amemeza dawa gani, kiasi gani, wala inagombana vipi na dawa nyingine anazotumia.

Niseme pia natoa wapi hilo neno "havipunguzi". Chukua garsinia, tunda ambalo dondoo lake limejaa kwenye makopo ya aina hii. Mwaka 1998 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la watu 135 wenye uzito mkubwa. Wote walipangiwa mlo wa kalori chache wenye nyuzinyuzi nyingi. Kundi moja likapewa garsinia, jingine kidonge kitupu, na hakuna aliyejua ameangukia kundi gani. Baada ya wiki 12, wa garsinia walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.2. Wa kidonge kitupu walikuwa wamepungua kilo 4.1.

Hebu watazame hao wa kidonge kitupu. Wamepungua kilo nne kwa kumeza kitu kisicho na dawa yoyote. Kama wangekuwa wameuziwa kidonge hicho, leo wangekuwa wanapiga picha mizani na kuwasimulia wenzao, na wala wasingekuwa wanadanganya, kwa sababu kilo zimepungua kweli. Kilichozipunguza ni ule mlo. Shuhuda nyingi unazozisoma ziko hivyohivyo. Mtu anaponunua kopo, siku hiyohiyo anaacha vinywaji vya sukari, anaanza kutembea, anajipima kila asubuhi. Soma karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi, utakuta maneno "itumike pamoja na mlo kamili na mazoezi" kwa herufi ndogo. Kazi yote imefanywa na maneno hayo, sifa zinakwenda kwa kapsuli.

Kahawa mbichi nayo ina kisa chake. Mwaka 2012 ulitoka utafiti mdogo wa watu 16 ukidai dondoo la kahawa isiyokaangwa linayeyusha mafuta, na televisheni za Marekani zikaupamba. Mwaka 2014 kampuni iliyougharamia ilikubali kulipa dola milioni 3.5 kumaliza madai ya serikali kwamba takwimu zake hazikuaminika, na mwaka huohuo makala yenyewe ikaondolewa kwenye jarida. Bidhaa zake bado zinauzwa. Kromu, yale madini yanayouzwa kwenye vidonge? Majaribio yanaonyesha tofauti ya kati ya nusu kilo na kilo moja, kiasi ambacho mizani yako inaweza kukionyesha asubuhi na kukificha jioni. Glukomanani, unyuzi unaovimba tumboni ukikutana na maji, angalau hoja yake inaeleweka: unakusaidia kujisikia umeshiba. Matokeo yake ni madogo na hayafanani kati ya utafiti na utafiti, na vidonge vyake vikimezwa bila maji ya kutosha vinaweza kuvimba kooni na kumkaba mtu.

Kuhusu neno "asilia", sina ugomvi na mimea, nusu ya kabati langu la dawa asili yake ni mimea. Ndiyo maana najua kwamba mmea unaweza kuua. Efedra ilitumika China kwa karne nyingi, kisha ikaingizwa kwenye vidonge vya kukonda. Februari 2003 mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, Steve Bechler, aliyekuwa na miaka 23, alianguka mazoezini kwa joto kali la mwili na kufariki siku iliyofuata, na uchunguzi wa kifo chake ukaitaja efedra kuwa moja ya vilivyochangia. Mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku virutubisho vyenye efedra. Hata chai ya kijani, ambayo ikiwa kikombeni haina tatizo, ikikamuliwa ikawa dondoo zito ndani ya kapsuli inageuka kitu kingine. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba gramu 0.8 au zaidi kwa siku ya EGCG, kiini kikuu cha dondoo hilo, zinaweza kuanza kuumiza ini. Mtu anayemeza kapsuli hizo akaona mkojo mweusi, macho ya manjano au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, aache siku hiyohiyo na aende hospitali.

Sasa chai ya rafiki yako, na hapa tufanye hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Kilo mbili ni 15,400. Ukizigawanya kwa siku tatu unapata zaidi ya kalori 5,100 kwa siku, wakati mwanamke wa kawaida anatumia 2,000 hivi kwa siku nzima. Hata angefunga siku zote tatu bila kutia kitu kinywani, asingechoma nusu ya mafuta hayo. Basi kilichotoka si mafuta. Chai nyingi za aina hiyo zina majani ya sena, na sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, kabla ya kufika huko. Kalori zimeshaingia mwilini, sena inafukuza maji, choo na chumvi. Akinywa maji ya kutosha siku mbili, mizani itamrudishia kilo zake.

Madhara yake yanabaki, hasa akiizoea. Kuharisha mara kwa mara hushusha madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Wewe angalia dawa yako ya presha ni ipi. Kama ni miongoni mwa zile zinazoongeza mkojo, nazo nyingi zinapoteza potasiamu, usithubutu kuchanganya na chai hiyo.

Hata kilo zako nne hazikuwa mafuta matupu. Mtu akiacha kula ghafla, mwili kwanza hutumia sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imekaa na takriban gramu tatu za maji. Akiba ikiisha, maji yanatoka nayo. Ukianza kula tena, vyote vinarudi ndani ya siku chache. Usijilaumu kwamba huna nidhamu, sehemu ya uzito huo ingerudi kwa vyovyote.

Umeuliza kama kuna kinachosaidia. Kipo, ila ni dawa zilizosajiliwa, zenye kipimo kinachojulikana na daktari wa kukufuatilia.

Mojawapo ya zile za zamani ni orlistati. Haiingii kwenye ubongo wala haichezei moyo. Inakaa tumboni na kuzuia kimeng'enya kinachovunja mafuta, hivyo karibu 30% ya mafuta uliyokula hupita bila kunyonywa. Kama kwa siku umekula gramu 60 za mafuta, zinapita gramu 18, sawa na kalori 160 hivi. Unaona ukubwa wa faida yake. Katika utafiti wa XENDOS uliochapishwa mwaka 2004, baada ya miaka minne waliotumia orlistati walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.8, na wa kidonge kitupu kilo 3. Hayo mafuta yanayopita lazima yatoke, na yanatoka kwa njia isiyo na staha: choo chenye mafuta, haraka isiyosubiri, na wakati mwingine madoa kwenye nguo ya ndani. Ukila mlo wenye mafuta mengi utajua siku hiyohiyo. Nahisi watu wengi hupungua kwa kuogopa aibu hiyo kuliko kwa dawa yenyewe. Inazuia pia vitamini A, D, E na K, kwa hiyo vidonge vya vitamini humezwa usiku, mbali nayo.

Zenye nguvu ni sindano za kila wiki zinazoiga homoni za utumbo. Semaglutidi ndiyo maarufu, ikiuzwa kama Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa uzito. Katika jaribio la STEP 1 la mwaka 2021, lenye watu 1,961, waliochomwa semaglutidi walipungua wastani wa 14.9% ya uzito wao kwa wiki 68. Waliochomwa sindano tupu walipungua 2.4%. Tirzepatidi, sindano nyingine ya aina hiyo, mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi, karibu 21% kwa kipimo cha juu. Hakuna kapsuli ya mitishamba iliyowahi kukaribia takwimu hizo katika jaribio la kweli.

Kuna jambo katika STEP 1 ambalo hupitwa. Wale wa sindano tupu nao walipewa ushauri wa lishe kila mara, wakaelekezwa kupunguza kalori 500 kwa siku na kutembea dakika 150 kwa wiki. Pamoja na yote hayo, wastani wao ukawa 2.4%. Ndiyo maana simpendi mtaalamu anayemfukuza mgonjwa kwa neno "punguza kula" kana kwamba hajawahi kulifikiria. Mwili unaopungua huongeza njaa na kubana matumizi, na kupigana nao peke yako ni kazi ngumu. Dawa hizi zinasaidia kwa sababu zinaituliza hiyo njaa.

Nazo zina masharti yake. Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni vya kawaida mwanzoni, mawe kwenye nyongo hutokea, na mara chache kongosho huvimba. Ukiacha dawa, uzito unarudi: washiriki wa STEP 1 waliofuatiliwa baada ya kuacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayeanza ajue anaanza tiba ya muda mrefu, kama ulivyoanza ya presha. Semaglutidi huachwa angalau miezi miwili kabla ya kubeba mimba, na tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Usiinunue mtandaoni kama ulivyonunua zile kapsuli. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi ya bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na bandia za namna hii zinaweza kuwa hazina dawa kabisa au zikawa na nyingine kama insulini, ambayo kwa mtu asiye na kisukari inaweza kushusha sukari hadi akapoteza fahamu.

Tuje kwako. Kilo 89 kwa urefu wa sentimita 162 zinakupa BMI, yaani kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu, ya karibu 34. Miongozo mingi huruhusu dawa hizi kuanzia BMI ya 30, au 27 kwa mwenye tatizo kama presha, kwa hiyo una haki ya kulizungumza na daktari bila kuona haya. Kabla hajakuandikia chochote, mwombe aangalie dawa unazotumia sasa. Baadhi ya dawa za presha za kundi la atenololi na propranololi huongeza uzito kidogo, na sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu huongeza kwa baadhi ya wanawake. Dawa za steroidi, za kifafa kama valproeti na baadhi za magonjwa ya akili huongeza zaidi. Wakati mwingine kubadilisha dawa moja kunafanya kazi kubwa kuliko kuongeza nyingine. Apime pia tezi ya shingo na sukari. Na umwambie ukweli kuhusu kapsuli, tarehe ulizozitumia na dalili zake, asije akakuongezea dawa ya presha kwa sababu ya vipimo vilivyopandishwa na kopo.

Lengo la kwanza liwe dogo. Asilimia tano ya uzito wako ni kilo nne na nusu, na kwa wastani kila kilo moja inayopungua hushusha presha kwa takriban alama moja kwenye namba ya juu. Ukizipunguza taratibu kwa miezi kadhaa, iwe kwa mlo na kutembea au kwa msaada wa dawa, misuli yako inabaki salama zaidi, hasa ukila protini ya kutosha na kuufanyisha mwili kazi ya kubeba na kusukuma. Presha ikianza kushuka, ukasikia kizunguzungu ukisimama, usijipunguzie dawa mwenyewe. Andika vipimo vya wiki hiyo, asubuhi na jioni, umpelekee daktari akupangie kipimo kipya.